Meja Simon Willard na maili tatu kila upande

Mwaka 1684 wazee wa mji wa Concord, Massachusetts, walijikuta hawana hati ya ardhi waliyoikalia kwa karibu miaka 50. Mwaka huohuo mfalme wa Uingereza aliifuta katiba ya koloni, na kila mji ukawa na haja ya kuthibitisha kwamba ardhi yake ilinunuliwa kihalali. Karatasi ya kwanza haikupatikana. Ikabidi wale waliokuwa bado hai, Waingereza na wenyeji wa asili, waape na kueleza walichokiona. Walieleza hivi: Simon Willard, akiwa nyumbani kwa mchungaji Peter Bulkeley, alielekeza mkono pande nne za dunia akatamka kuwa wamenunua maili tatu kutoka pale kwenda mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, na wenyeji wakaridhia.

Hapo ndipo ningependa kila anayemsoma Willard aanzie. Wengi humtaja kwa safari moja ya farasi aliyoifanya akiwa na miaka 70. Naiheshimu safari ile, na nitaifikia, lakini mtu huyu alifanya kazi yake nzito kwa kalamu, kwa vipimo na kwa daftari la madeni. Upanga ulikuja nyuma ya hayo, kuyalinda.

Alibatizwa Aprili 1605 katika kijiji cha Horsmonden, mkoa wa Kent, akavuka bahari mwaka 1634. Alianza kwa kununua manyoya kutoka kwa wenyeji, na biashara hiyo ikampeleka bara kuliko wenzake, akazijua njia, mito na machifu. Kwa hiyo mwaka 1635, Baraza Kuu la koloni lilipotoa kibali cha mji wa kwanza ulio mbali na maji ya bahari, maili sita kwa maili sita mahali palipoitwa Musketaquid, Bulkeley alileta fedha na waumini, Willard akaleta ujuzi wa mahali. Maili tatu kila upande ndiyo ile sita kwa sita: karibu ekari 23,000.

Bei yake inajulikana kwa sababu ya viapo vya 1684. Wenyeji walipewa shanga za makombe ziitwazo wampum, mashoka, majembe, visu, vitambaa vya pamba na mashati. Wibbacowet, mume wa malkia aliyejulikana kama Squaw Sachem, alipewa suti ya pamba, kofia, ukosi mweupe wa kitani, viatu, soksi na koti kubwa. Waliouza walikuwa watu waliotoka kuwazika wenzao kwa wingi. Ndui ya 1633 ilikuwa imepita kijiji kwa kijiji, na kabla yake, kati ya 1616 na 1619, tauni nyingine ilikuwa imefagia pwani. Tena kwa desturi yao ardhi ilikuwa haki ya kulima, kuvua na kuwinda, haki inayoweza kushirikishwa. Kwa Willard ilikuwa mstari wa mpaka unaomfungia mwingine nje. Siamini kwamba alikusudia kuwadanganya. Naamini pande mbili zilishikana mikono juu ya mapatano mawili tofauti, na yeye, aliyewajua wenyeji kuliko Mwingereza mwingine yeyote pale, alikuwa na nafasi kubwa kuliko wote ya kuliona hilo.

Majira ya baridi ya kwanza hayakuwa ya nyumba za mbao. Walichimba kwenye mteremko wa kilima, wakalaza miti juu, wakarundika udongo juu ya miti, kama tembe iliyozikwa nusu, na moto ukawashwa upande wa juu, penye ardhi. Mvua ndefu ilipenya hadi kitandani. Taabu iliyodumu zaidi ilikuwa ya mto. Walipachagua mahali pale kwa ajili ya majani ya bondeni, maana bila nyasi kavu ng'ombe hafiki masika. Lakini mto wa Concord unakwenda polepole mno, na miamba ya maporomoko upande wa chini iliyazuia maji yasiondoke. Mabonde yalibaki yamefurika, nyasi zikawa ngumu, mifugo ikafa. Walijaribu kuukata mwamba wakashindwa. Kuugeuza mto kulikadiriwa kugharimu pauni 100, fedha ambazo hawakuwa nazo. Mwaka 1644 sehemu ya wakazi ilimfuata mchungaji John Jones, wakahamia Fairfield, Connecticut. Willard alibaki. Alikuwa karani wa mji, mwakilishi wake kwenye Baraza Kuu karibu kila mwaka, na mkuu wa mgambo wake.

Kuhusu mgambo, picha ya bunduki na ushujaa inaficha mengi. Kila mwanamume wa miaka 16 hadi 60 aliwajibika. Kombania kamili ilikuwa na watu 64, theluthi mbili wenye bunduki, theluthi moja wenye mikuki mirefu, na gwaride lilikuwa siku nane kwa mwaka. Mwenye bunduki alitakiwa kuwa na ratili moja ya baruti, risasi 20, na utambi wa pima mbili. Huo utambi ndio uliowaponza. Bunduki ya utambi inahitaji kamba inayowaka muda wote. Mvua huizima, usiku cheche yake humwonyesha adui ulipo, na kamba huliwa na moto hata kama hujafyatua. Wenyeji walilijua hilo mapema wakatafuta gumegume, bunduki inayowashwa kwa cheche ya jiwe. Mikuki nayo ilifaa uwanja wazi wa Ulaya, siyo msitu. Ilibidi viingie vita vya wakoloni na wenyeji, viitwavyo Vita vya Mfalme Philip, mwaka 1675, ndipo koloni ikawaamuru wenye mikuki wachukue bunduki.

Willard alifanywa kapteni mwaka 1646, na katika miaka ya 1650 akawa sajenti meja wa wilaya ya Middlesex. Msomaji wa leo asidanganywe na jina: wakati ule cheo hicho kilimaanisha kamanda wa mgambo wote wa wilaya. Mwaka 1654 alitumwa kumkabili Ninigret, chifu wa Waniantic. Ninigret aliingia kinamasini, Willard hakumfuata, na makamishna wa makoloni wakamlaumu. Mimi simlaumu. Kumwingiza mwanamgambo wa gwaride la siku nane kwenye kinamasi cha mtu mwingine ni kumtoa kafara.

Alama yake inayogusika ipo New Hampshire, penye Ziwa Winnipesaukee linapotoa maji yake. Mwaka 1652 yeye na Edward Johnson walitumwa kutafuta mwisho wa kaskazini wa Massachusetts, kwa kuwa katiba ilisema mpaka uwe maili tatu kaskazini ya mto Merrimack. Wapimaji wao walipata latitudo ya nyuzi 43, dakika 40 na sekunde 12, wakachonga jiwe: EI kwa Johnson, maana enzi hizo I ilisimama badala ya J, SW kwa Willard, na jina la gavana, Endicott. Jiwe lile lingalipo.

Mwaka 1657 alikuwa miongoni mwa waliolipa pauni 25 kwa haki ya biashara ya manyoya ya Merrimack. Biashara hiyo ilikwenda kwa mkopo: mwenyeji anachukua bidhaa leo, manyoya yanakuja msimu ujao. Manyoya yalipopungua deni lilibaki palepale. John, chifu wa Pawtucket, alifikia kudaiwa pauni 44. Willard alipeleka ombi Baraza Kuu, likampa shamba la ekari 500 kati ya Lancaster na Groton, kwa sharti kwamba deni la chifu liwe sasa mali ya koloni. Shamba hilo, Nonacoicus, ndipo alipohamia uzeeni. Kuandika habari za kuanzishwa kwa miji ile bila kutaja daftari hili la mikopo ni kuruka ukurasa muhimu kuliko yote.

Vita hivyo vikalipuka Juni 1675. Tarehe 2 Agosti wapiganaji wa Nipmuc, kabila la wenyeji, waliwavizia makapteni Hutchinson na Wheeler karibu na Brookfield. Walionusurika, pamoja na wanakijiji, jumla watu 80 hivi, wakajifungia katika nyumba moja. Adui alisukuma mkokoteni wenye nyasi zinazowaka mpaka ukutani, mvua ikauzima. Ephraim Curtis, mmoja wao, alijaribu mara tatu kutoroka kutafuta msaada, na mara ya tatu alitambaa kwa mikono na magoti mpaka akapenya. Willard alipata habari akiwa njiani kwa kazi nyingine, akageuza farasi, akafika usiku wa tarehe 4 na Waingereza 46 na wenyeji watano. Ng'ombe waliokimbia kijijini walilifuata kundi lake kwa nyuma, na gizani kikosi kikaonekana kikubwa kuliko kilivyokuwa.

Kuna hadithi ya zamani kwamba aliadhibiwa kwa kwenda bila amri. Haisimami: aliendelea kuongoza doria za Groton, Lancaster na Chelmsford, na hadi kufa alikuwa mjumbe wa baraza la gavana.

Wenyeji Wakristo wa Nashobah, jirani na Concord, hawakutendewa kama yeye. Februari 1676 walihamishwa kwa nguvu hadi kisiwa cha Deer, bandarini Boston, penye baridi na njaa. Mwezi uliofuata Groton ilishambuliwa, na nyumba ya Willard pale Nonacoicus ikateketezwa. Alihamia Charlestown, na huko akafariki tarehe 24 Aprili 1676, akiacha ekari 500 za majivu ambazo zamani ziliandikwa kwenye daftari lake kama pauni 44.