Swali ni nani anabaki na mipango ya mashambulizi

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema wenye timu za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, wanawapendelea makocha wa mashambulizi kuliko wa ulinzi kwa nafasi ya kocha mkuu kwa kufuata mkumbo tu, tangu timu ya Rams ilipomchukua Sean McVay awe kocha mkuu mwaka 2017 akiwa na miaka 30. Mkumbo upo, sikatai. Ila kuna sababu ya kiufundi ameiruka.

Tazama timu ya Atlanta. Kocha mkuu Dan Quinn alikuwa mtu wa ulinzi. Mashambulizi aliyapanga Kyle Shanahan. Msimu wa 2016 walipata pointi 540 na kufika Super Bowl, fainali ya ligi. Timu ya 49ers ikamchukua Shanahan awe kocha wao mkuu. Msimu uliofuata, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi uwanjani) akiwa yuleyule Matt Ryan, pointi zikashuka hadi 353. Kocha mkuu anayepanga mashambulizi mwenyewe haporwi mipango yake kirahisi hivyo.

Basi kocha wa ulinzi aende kwenye usaili wa ukocha mkuu na majina mawili: mratibu wa mashambulizi, yaani msaidizi anayeyapanga, na mrithi wake aliye tayari benchini, labda kocha wa makwotabeki, anayetumia istilahi zilezile. DeMeco Ryans, kocha wa ulinzi, alipopewa timu ya Texans mwaka 2023 alikuja na Bobby Slowik kutoka 49ers awe mratibu wa mashambulizi. Wakiwa na kwotabeki aliye kwenye msimu wake wa kwanza wa NFL, C.J. Stroud, walishinda mechi 10 na kupoteza 7. Lakini Slowik mwenyewe alifukuzwa baada ya misimu miwili, hivyo hata hapo jina la pili lilihitajika.