Kabla hamjaniita Baba Divai, nisikilizeni

Najua video ya jamaa yangu imeshazunguka magrupu yote ya Dodoma. Eti nimeparamia zabibu za watu kwa sababu sijui kuendesha. Uongo! Kuendesha najua. Kubadilisha pedi za breki ndiko kulikoniumbua.

Na vifaa nilichagua vizuri, hapo mniheshimu. Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, niliiacha ndani. Ikiteleza mara moja inakula kona za bolti ya kalipa (ile inayozibana pedi kwenye disiki), mnaanza kumtafuta mchomeleaji. Nikachukua soketi namba 14 ya pembe sita. Jeki nikaitandikia ubao, maana mchanga wa Ipagala unaimeza, kisha stendi. Kalipa nikaifunga kwa waya kwenye springi isining'inie kwa mpira wa breki. Nikalegeza kifuniko cha chupa ya fluidi, nikarudisha ndani pistoni, ile inayosukuma pedi, kwa klampu, taratibu, pedi kuukuu ikiwa katikati. Wenzangu hutumia bisibisi wakachana mpira wa vumbi. Mimi? Msomi. Upande wa pili hivyo hivyo.

Nikawasha, nikatia D, nikaachia hendibreki. Mteremko ule mnaujua.

Nikakanyaga breki. Pedali ikashuka mpaka kwenye kapeti, laini, kama nimetia mguu kwenye uji. Pistoni nilizozisukuma kwa mbwembwe zilikuwa bado zimelala huko ndani. Ulitakiwa ukanyage mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka pedali iwe ngumu, ndipo pedi ziguse disiki. Nilijua! (Wewe unayecheka, juzi ulitafuta simu huku unaongea nayo.) Mguu wa pili: uji. Mbele yangu mama muuza zabibu ananitazama, namtazama, ndoo zake mbili katikati yetu. Mwendo wa kobe, hata honi niliona aibu kuipiga. Hendibreki iko pembeni ya paja langu, wala sikuikumbuka. Mguu wa tatu pedali ikaanza kunisikiliza, tairi la kushoto likiwa limeshapanda ndoo ya kwanza.

Pwaaa.

Mama hakupiga kelele. Aliinama, akaangalia maji yanavyochuruzika kwenye tairi, akanyanyuka.

"Mwanangu, divai hukamuliwa kwa miguu, siyo kwa tairi."

Ndoo zote mbili nimelipa. Breki zinakamata vizuri tu. Jamaa yangu anadai kreti ya soda ndiyo afute video.