Uzito wa Hotuba na Uzito wa Kura katika Baraza la Usalama

Usiku wa 21 Februari 2022, Balozi Martin Kimani wa Kenya aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika kikao kuhusu Ukraine, kwamba mipaka ya Afrika haikuchorwa na Waafrika, bali ilichorwa London, Paris na Lisbon, na kwamba lau kila taifa lingefuata damu na lugha katika kudai ardhi, bara hili lingekuwa vitani hadi leo. Siku tatu baadaye Urusi iliivamia Ukraine. Tarehe 25, rasimu ya azimio la kulaani uvamizi huo iliungwa mkono na wanachama 11 kati ya 15, watatu wakajizuia, na kura moja ya turufu, yaani haki ya kila mmoja wa wanachama watano wa kudumu kuzuia azimio, iliyopigwa na Urusi yenyewe, ikaiangusha.

Wanaosema kwamba hotuba ndani ya Baraza hilo hazina nguvu wana hoja nzito. Mwaka 1981 Salim Ahmed Salim wa Tanzania, aliyekuwa amekwisha kuliongoza Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa na ambaye hakuna aliyetilia shaka ufasaha wake, alizuiwa na Marekani asiwe Katibu Mkuu, huku China nayo ikimzuia Kurt Waldheim, aliyekuwa Katibu Mkuu, mara kwa mara, hadi nafasi hiyo ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar. Umahiri wa kusema haukumsaidia mbele ya dola iliyokuwa na haki ya kukataa bila kulazimika kutoa sababu.

Hata hivyo, siamini kwamba maneno ya Kimani yalipotea bure. Yalikuwa na mizizi katika azimio la Cairo la 1964, ambapo Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikubali kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru, na yalitoka kwa nchi iliyowahi kupigana vita vya Shifta, dhidi ya waasi waliotaka eneo lake la kaskazini mashariki liungane na Somalia, kwa sababu ya swali hilohilo. Aidha, alilaani mwenendo wa mataifa yenye nguvu, wakiwamo wanachama wa Baraza lenyewe, wa kuvunja sheria ya kimataifa, na hiyo ndiyo sehemu ninayoithamini zaidi, kwa kuwa ilimnyima kila mkubwa nafasi ya kuitumia hotuba hiyo kama silaha dhidi ya mwenzake tu.

Udhaifu wake haukuwa katika maneno, bali katika kilichofuata. Baraza Kuu lilipopiga kura tarehe 2 Machi, nchi 141 ziliitaka Urusi iondoke Ukraine. Kenya na Rwanda zilikuwamo, lakini Tanzania, Uganda na Burundi zilikuwa miongoni mwa 35 zilizojizuia. Kila moja ilikuwa na haki ya kuamua msimamo wake, na kutofungamana na upande wowote ni desturi yenye heshima. Lakini ukanda wa Afrika Mashariki unaogawanyika hivyo hauwezi kudai kwamba balozi mmoja ameusemea wote.

Wasio na turufu si kwamba hawana chombo chochote. Azimio linahitaji angalau kura tisa, hivyo wakubwa watano hawawezi kulipitisha peke yao. Machi 2024 wanachama kumi wa kuchaguliwa waliandaa pamoja azimio 2728 la kusitisha mapigano Gaza katika mwezi wa Ramadhani, likapita kwa kura 14 baada ya Marekani kujizuia. Marekani ikatangaza papo hapo kwamba azimio hilo halifungi kisheria, na mapigano yakaendelea.

Ndiyo maana msimamo wa Ezulwini wa 2005, ambamo Umoja wa Afrika unadai viti viwili vya kudumu pamoja na turufu maadamu turufu ipo, ni wa haki ingawa ni mgumu kutimia. Kubadili Mkataba wa Umoja wa Mataifa kunahitaji theluthi mbili ya wanachama, wakiwamo wote watano wa kudumu, kuyaridhia mabadiliko hayo. Septemba 2024 Marekani ilikubali viti viwili vya Afrika, bila turufu. Kuvipokea hivyo kungeipa Afrika uwepo wa kudumu katika kila mashauriano, jambo ambalo viti vitatu vya zamu ya miaka miwili haviwezi kutoa. Lakini pia kungehalalisha daraja la pili la wanachama wa kudumu. Binafsi ningevipokea, kwa sharti kwamba wanaoketi humo wafungwe na msimamo wa pamoja wa Umoja wa Afrika kabla ya kila kura, na si baada yake.