Nyumba ni yetu, king'ora ni cha Mzee

Saa nane na robo usiku, mwezi wa sita, baridi ya Iringa ile ya kulala na soksi. King'ora kikaanza kulia. Mume wangu akatoka na tochi, mimi nikawa napapasa miwani, na kabla sijaipata simu ikaita. Nikapokea nikidhani ni jirani. Kumbe ni mzee aliyetuuzia nyumba, anapiga kutoka Dodoma alikohamia.

"Shikamoo mzee," nikasema, maana hata nyumba ikiwaka moto salamu haiachwi.

"Marahaba mwanangu. Naona king'ora kinalia hapo. Mko salama?"

Nikamwambia tuko salama, baba watoto ameshabonyeza namba kimenyamaza, labda ni paka tu. Akatupa pole. Kisha, kwa upole ule ule wa mtu anayekutakia mema, akaongeza: "Na juzi mlichelewa kurudi, saa tano kasoro. Msipende kutembea usiku, watoto wadogo hao."

Nikakaa kitandani. Juzi tulikuwa Mafinga, msibani. Sikuwa nimemwambia.

Tulikuwa na miezi mitatu tu katika nyumba hiyo, huku Gangilonga, na tulijiona tumefanya kila kitu. Wakili tulimlipa. Hati ilikuwa kwenye foleni ya kubadilishwa jina. Jina la LUKU tulibadilisha, la maji tulibadilisha, vitasa vya milango mitatu tuling'oa tukaweka vipya. Mkataba wa mauziano ulikuwa na kurasa sita. Ulitaja mpaka tenki la maji na miparachichi miwili ya uani. King'ora hakikutajwa popote. Namba yake ya kuwasha na kuzima tulikabidhiwa pamoja na funguo, juu ya kipande cha karatasi ya daftari: 1984. "Mwaka aliozaliwa kifungua mimba wangu," Mzee alisema, na sisi tukacheka, tukaona ni namba rahisi kukumbuka, tukaendelea kuitumia.

Msimamo wangu siku hizi ni huu, na nimeshaugombania kwenye vikao viwili vya familia: nyumba haijauzwa mpaka king'ora kimsahau mwenyewe wa zamani. Kitasa unabadilisha kwa sababu unaona ufunguo, unajua kuna mtu anaweza kubaki na mwingine. Namba haionekani, kwa hiyo tunaipokea kama urithi.

Asubuhi ile nilimpigia Mzee nikamuuliza, kwa adabu zote, ni nani wengine wanaijua 1984. Akaanza kuhesabu. Watoto wake wanne. Madada wa kazi wawili waliopita kwa nyakati tofauti. Mlinzi wa usiku aliyeacha kazi. Kijana wa bustani. Fundi aliyekifunga. Akanyamaza kidogo. "Na yule mpangaji wa chumba cha uani, nilikuwa nimemsahau." Kumi, kwa kumbukumbu ya mtu wa miaka sabini na kitu. Simshuku hata mmoja wao. Lakini ufunguo wa kitasa usingeupa watu kumi kisha ukalala usingizi.

Halafu kuna kitu ambacho ningekiona siku ya kwanza kama ningekuwa na macho. Kile kibao cha namba kipo ukutani karibu na mlango wa mbele, kwa urefu wa bega. Nikakisogelea na tochi. Vitufe sita vilikuwa na rangi yake ya kijivu, maandishi yamekolea. Vitufe vinne viling'aa kama sakafu ya kanisa, maandishi yamefutika nusu: 1, 4, 8 na 9. Mwizi anayekuta vitufe vinne vilivyochakaa hana kazi kubwa, tarakimu nne tofauti zinapangika kwa njia 24 tu. Na kama anajua tabia yetu ya kuweka miaka ya kuzaliwa, ataanza na 19, na hapo zinabaki mbili: 1948 na 1984. Jaribio la kwanza lisipofungua, la pili linafungua. Miaka yote hiyo jibu lilikuwa limeandikwa ukutani kwa vidole vya familia yenyewe.

Wanaoifahamu Iringa wanajua Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Simulizi za hapa zinasema Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa akipanda kwenye mwamba ule kusikiliza, na kwamba jiwe ndilo lililomwambia adui anakuja. Sasa fikiria: sisi tunakaa chini ya jiwe hilo hilo, na chombo chetu cha kutuonya kinaongea na mtu wa Dodoma. Jiwe angalau lilizungumza na mwenyewe.

Fundi tuliyempata ni kijana wa Kihesa, ambaye kazi yake hasa ni kamera na nyaya za uzio. Alipofungua boksi la chuma lililoko stoo, nyuma ya magunia ya mahindi, siri ya Mzee ikaonekana mara moja. Ndani kuna bodi, betri, na pembeni kakifaa kenye antena fupi, na ndani yake laini ya simu. Kila tulipowasha au kuzima king'ora, kakifaa kale kalituma meseji Dodoma. Tumetoka saa mbili kasoro, imeenda. Tumerudi, imeenda. Laini ina jina la Mzee, imesajiliwa kwa alama zake za vidole katika lile zoezi la 2019, lililoishia watu kufungiwa laini Januari 2020. Na vocha? Alikuwa anaiwekea yeye mwenyewe, kutoka Dodoma. Nilipomuuliza kwa nini, alishangaa swali. "Niliona msije mkakosa ulinzi."

Sasa mtu kama huyo unamgombezaje?

Fundi alinieleza kwamba alamu nyingi za namna hii zina namba za ngazi tatu. Kuna namba ya mtumiaji, hii ya kuwasha na kuzima. Kuna namba kuu, inayoongeza na kufuta watumiaji. Na kuna namba ya fundi, ambayo wenye nyumba wengi hawajawahi kuisikia. Hiyo ndiyo inayoingia ndani kabisa, kupanga kila mlango na kubadilisha namba za simu zinazopigiwa. Nyingine zina hata namba ya kulazimishwa: ukishikiwa panga unaibonyeza, king'ora kinazima kama kawaida, huku kimya kimya kinaomba msaada. Kubadilisha 1984 peke yake, akasema, ni kama kupaka rangi mlango. Aliyefunga alamu bado ana mlango wake.

Namba ya fundi Mzee hakuwa nayo. Kampuni iliyofunga ilibaki kibandiko kwenye geti, na simu yake haipatikani tena. Kijana akajaribu ile ya kiwandani, inayoandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, ikagoma. Ikabaki kufuta yote na kuanza upya.

Hapa naomba mnunuzi mwenzangu usome polepole. Kabla ya kufuta, tembeeni nyumba nzima. Mmoja asimame kwenye kibao, mwingine afungue mlango mmoja mmoja na kupita chumba kwa chumba, na kila taa inayowaka iandikwe: zoni ya kwanza mlango wa mbele, ya pili jikoni, na kadhalika. Bodi ikifutwa inasahau ni waya upi ni wa wapi, na ndani ya boksi zote zinafanana. Inasahau hata kwamba mlango wa mbele unatakiwa kukupa sekunde kadhaa za kuingia na kubonyeza namba kabla kelele hazijaanza. Nilizunguka mle ndani kama bibi harusi anayeonyeshwa nyumba, fundi anapiga kelele kutoka koridoni: "Tena mama! Pita tena!"

Yeye vifaa vya kona za ukuta aliviita sensa. Nikamuuliza kama ni ile ya 2022 ya kuhesabu watu. Hakucheka. Alikuwa amefungua ya stoo na kunionyesha buibui aliyejenga ndani ya kifuniko, mbele kabisa ya kioo. Vitu hivi havioni mtu, vinahisi joto linalosogea. Buibui akitambaa juu ya kioo anakuwa mkubwa kama mwizi. Huyo ndiye paka wetu wa saa nane usiku. Kijana akanionya pia kuhusu jiko la mkaa ninalopenda kuingiza sebuleni mwezi wa saba: nikipita nalo wakati alamu imewashwa, nimeiamsha.

Kufuta kwenyewe kulichukua dakika chache. Alizima umeme, akachomoa betri, akaunganisha matundu mawili ya bodi kwa kipande cha waya, akarudisha umeme, akasubiri, akatoa waya. Kilichochukua muda ni kuwaarifu majirani kwanza. Kile kisanduku cha nje chenye kelele kina betri yake ndani, na kimetengenezwa kulia pale hasa umeme wake unapokatwa, kwa sababu ndicho mwizi angefanya. Nikampigia balozi wa nyumba kumi, nikapita kwa mama wa jirani. "Kamwene," nikamwambia, "leo kikilia msishtuke."

Akanitazama. "Kwani huwa tunashtuka?"

Hilo liliniuma kuliko meseji za Dodoma. Usiku ule kililia dakika nne nzima na hakuna aliyefungua hata dirisha. Walikizoea, kwa Mzee kililia kila mwezi. Mkwawa naye alionywa, lakini ngome yake ya Kalenga ilianguka 1894. Ndiyo maana wanaosema "ng'oeni mtupe, mfuge mbwa" siwapuuzi, ingawa sikubaliani nao. King'ora kinachopiga kelele za uongo kila wiki kinawafundisha majirani kulala. Kikipangwa vizuri, buibui akatolewa, namba za simu zikawa za mama jirani na balozi badala ya za mtu aliye mbali, kina maana. Sasa ndivyo kilivyo.

Betri nayo tulibadilisha. Ni ile ya volti 12, nzito kama tofali dogo. Ya zamani ilikuwa imevimba ubavuni, na mtu alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu: 2014. Betri hizi hudumu miaka mitatu hadi mitano. Ndiyo iliyokuwa inafanya kibao kilie ti-ti kila sekunde kumi umeme ukikatika, mpaka mume wangu akawa anakivalisha sweta la mtoto ili tulale. Mpya haikufika elfu hamsini. Kwa bei hiyo tungekuwa tumelala tangu mwezi wa nne.

Laini ya Mzee niliifunga kwenye bahasha nikaipeleka stendi, ikaenda na basi la Dodoma linalopita Mtera. Jioni ya siku ya pili akapiga.

"Mwanangu, laini nimeipata. Bado ina vocha ya elfu mbili."

"Asante sana mzee, kwa yote."

"Mbona kumekuwa kimya? Nilishazoea, nikiona mmerudi na mimi nafunga mlango nalala."

Sikuwa na jibu la hilo. Nikamwambia parachichi zimeanza kukomaa, tutamtumia ndoo.

"Vizuri. Sasa mmeweka mwaka gani?"

"Mzee," nikasema, "msalimie sana mama."