Kitambi cha miaka arobaini: tunamsingizia nani?

Kaa na watu waliovuka miaka 35, iwe Dar es Salaam au Mombasa, hutakosa kusikia: "Siku hizi mwili wangu hauchomi chakula kama zamani." Gauni lililoshonwa mwaka juzi halifungi, mkanda umesogea matundu mawili, na lawama yote anatwishwa umri. Madai hayo yana ukweli ndani yake, lakini haupo pale wengi wanapoutafuta.

Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Herman Pontzer wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Ulikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, mdogo wao akiwa na siku 8 na mkubwa miaka 95. Kipimo chenyewe ni maji yenye haidrojeni na oksijeni nzito: mtu anayanywa, anaendelea na shughuli zake, na baada ya siku kadhaa mkojo wake unaonyesha mwili umetumia nishati kiasi gani. Mtoto wa mwaka mmoja alionekana kutumia nishati takriban asilimia 50 zaidi ya mtu mzima, ukizingatia ukubwa wa miili yao. Kiwango hicho hushuka polepole hadi miaka 20. Kisha, kuanzia miaka 20 hadi 60, hakibadiliki. Wajawazito hawakutofautiana na wengine, wala hapakuonekana anguko wakati wa kukoma hedhi. Mteremko halisi huanza karibu na miaka 60, kama asilimia 0.7 kwa mwaka.

Kwa hiyo mwenye miaka 42 anadanganya? Hapana. Sikiliza tena maneno "ukizingatia ukubwa wa miili yao". Watafiti walilinganisha watu kwa kutazama hasa uzito wa mwili bila mafuta, yaani misuli na viungo vya ndani. Misuli nayo huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, kati ya asilimia 3 na 8 kwa kila miaka 10. Aliyepoteza misuli anatumia nishati pungufu kweli, ingawa kila kilo iliyobaki inafanya kazi kama zamani. Lakini mpunguo huo hauendi sawa kwa wote. Aliyeacha jembe akahamia kwenye kiti cha ofisi, anayepanda bodaboda kwa safari ya dakika kumi, huyo ameuharakisha mwenyewe. Upande huu wa hoja una uzito kuliko umri mtupu.

Hapo ndipo wauza mazoezi wanapoingia na ahadi yao: jenga misuli, mwili utachoma mafuta hata ukiwa usingizini. Nao wanatia chumvi. Kilo moja ya misuli iliyotulia hutumia takriban kalori 13 kwa siku. Ukiongeza kilo mbili, kazi kubwa ya miezi, umepata kalori 26, chini ya vijiko viwili vidogo vya sukari kwenye chai. Hata kutembea kuna mipaka yake. Mwaka 2012 Pontzer na wenzake, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliwapima Wahadza, jamii ya wawindaji na wachimba mizizi wa eneo la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku, lakini nishati waliyotumia, ukizingatia ukubwa wa mwili, haikuzidi ya Wamarekani wanaokaa kutwa. Inaelekea mwili hubana matumizi upande mwingine. Kwa hiyo kitambi kinaamuliwa zaidi na sahani: chapati, soda, wali uliorundikwa usiku.

Je, tuache mazoezi? La hasha. Misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari ya damu baada ya mlo, na ndiyo inayomzuia mtu asianguke bafuni akavunjika nyonga. Kwa mzee, hilo lina thamani kuliko kalori zozote.

Na hapa ndipo roho inaponiuma. Tukishasikia kwamba mwili wa mzee unatumia nishati kidogo, tunampunguzia chakula, tena tunaanza na kilicho bora. Mama anapewa uji mwepesi na chai na mkate, dagaa na maharage wanakula vijana. Hesabu inasema kinyume: wataalamu wengi hupendekeza protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa wenye zaidi ya miaka 65, kiasi kinachozidi cha mtu mzima wa kawaida. Mama wa kilo 60 anahitaji angalau gramu 60 kwa siku, na yai moja lina kama 6 tu. (Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.) Juu ya hayo, kwa heshima na mapenzi, tunamnyang'anya ndoo na jembe: "Mama, pumzika, umeshafanya kazi ya kutosha."

Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwapa wazee dhaifu wenye umri wa miaka 90 hivi, waliokuwa wakiishi katika makao ya wazee, mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Na kule Eyasi, bibi wa Kihadza bado anatoka asubuhi na mti wake wa kuchimbia, anachimba mizizi kwenye ardhi ngumu, na wajukuu wanakula.