Gari la Mwanafunzi Halihitaji Mabawa

Kila nikiona kijana wa miaka 15 anaanzishwa mbio ndani ya gari la Formula 4, daraja la chipukizi wanaotoka kwenye karti, lenye mabawa mbele na nyuma, roho yangu hurudi kwenye Formula Ford, mashindano ya chipukizi ya zamani yaliyotumia magari yasiyo na mabawa.

Ilizaliwa Uingereza, uwanja wa Brands Hatch, na mbio zake za kwanza zilifanyika tarehe 2 Julai 1967. Shabaha ilikuwa gari la kiti kimoja la bei nafuu, lenye injini ya gari la kawaida. Injini iliyochaguliwa ni ya Ford Cortina GT, gari lile lile ambalo Peter Hughes alishinda nalo Safari Rally ya mwaka 1964 kwenye vumbi na matope yetu. Ray Allen alishinda siku hiyo ya kwanza akiendesha Lotus 51. Baadaye ikaja injini ya cc 1600, na hiyo ndiyo iliyodumu.

Gari lenyewe ni fremu ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, injini nyuma ya mgongo wa dereva, matairi membamba. Bawa hakuna, na kwangu hapo ndipo penye siri yote. Bawa hutumia upepo kuligandamiza gari chini, kwa hiyo kadiri unavyokimbia ndivyo linavyoshika barabara. Lakini ukimkaribia mwenzako kwenye kona, upepo unaokufikia umeshavurugwa, nalo linaanza kuteleza. Bila bawa, unabaki na matairi manne na uzito unaohama: ukikanyaga breki unaelemea mbele, ukikanyaga mafuta unarudi nyuma. Dereva lazima ausikie mwilini. Na anayefuata nyuma hukatiwa upepo na wa mbele, akapata mwendo wa kumpita. Ndiyo maana magari haya hupishana kila mzunguko.

Ayrton Senna, Mbrazili aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa Formula One, alitoka kwenye karti, vile vigari vidogo vya mbio, akaingia Formula Ford mwaka 1981, kwenye gari la Van Diemen RF81. Tarehe 15 Machi, katika mbio zake za tatu tu, alishinda Brands Hatch kwenye mvua. Wapenzi wa langalanga husifu ushindi wake wa Formula One kwenye mvua ya Donington, Uingereza, mwaka 1993. Mimi naanzia hii. Mwingereza Jenson Button naye alitwaa ubingwa wa Formula Ford wa Uingereza mwaka 1998, na mwaka 2000 alikuwa Formula One na timu ya Williams.

Sitaki turudishe mabomba ya chuma. Bodi ya kaboni na kinga ya kichwa huokoa maisha ya watoto, na zibaki. Ninachopinga ni mabawa. Mwaka 2013 yaliingia hata kwenye Formula Ford ya kitaifa ya Uingereza, na 2015 mashindano yale yakageuzwa kuwa ya Formula 4.

Magari ya Formula Ford ya cc 1600 bado yapo. Kila Oktoba hukusanyika Brands Hatch kwa tamasha lao, yakateremka kona ya Paddock Hill yamebanana, gurudumu kwa gurudumu.