Kikapu Kisicho na Miguu Sikitaki

Nimewahi kufunga vikapu vitatu mbele ya baiskeli yangu, na viwili vya kwanza nilivichagua kwa macho tu. Kimoja kilikuwa cha ukindu, kizuri kweli, kinaning'inia kwenye usukani kwa mikanda miwili ya ngozi. Siku niliyokipakia dumu la maji la lita tano, mikanda ililegea njiani na kikapu kikashuka polepole. Nilisikia mkwaruzo nikadhani nimekanyaga majani makavu. Kuja kusimama, tairi limekwisha kula kitako cha kikapu, tundu la kuingiza ngumi.

Tangu hapo huwa nauliza kwanza: mzigo utaegemea wapi? Kikapu kinachoshika usukani peke yake ni cha koti na mkoba. Vingi vya aina hiyo huandikwa mwisho kilo 5, au hata chini ya hapo, na wanaoandika hawatanii. Kikapu cha kazi kina miguu: vyuma viwili vinavyoshuka kila upande wa gurudumu hadi kwenye ekseli, au kwenye matundu ya bolti yaliyo chini ya uma, yaani ile panda inayoshika gurudumu la mbele. Hapo gurudumu ndilo linalobeba, si usukani. Kama gurudumu lako ni la kufungua kwa wenzo, miguu usiibane pale kwenye wenzo; tafuta matundu ya uma. Uma wa kaboni nao usiufungie kitu chochote ambacho mtengenezaji hakukiruhusu.

Ipo pia keria inayofungwa kwenye fremu. Ukikata kona, gurudumu linageuka na kikapu kinabaki kinatazama mbele kama hakikuhusu. Siku mbili za kwanza utapepesuka, lakini kwa mzigo mzito sijaona mfano wake. Shida ni kwamba fremu nyingi hazina pa kuifungia.

Kuhusu ukubwa nabishana na wengi: chukua kidogo. Kikapu kikubwa hakikosi cha kujazwa, na kilo zikikaa juu na mbali na usukani, baiskeli inakuwa nzito kugeuza.

Wakati wa kufunga, bolti zote zikaze kwa vidole kwanza, nyoosha kikapu, ndipo ulete spana. Tumia nati zenye plastiki ndani, maana mtikisiko hulegeza za kawaida, kisha zikague tena baada ya safari ya kwanza. Zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia ukitazama waya za breki: zikivutika au kukunjika, kikapu kisogee. Taa nayo ihamishie mbele ya kikapu, la sivyo usiku utakuwa unamulika mzigo wako mwenyewe.

Na ukiegesha kwa stendi ya pembeni kikapu kikiwa kimejaa, gurudumu litajigeuza lenyewe na baiskeli ilale chini. Kuna springi ndogo ya kuvuta uma kwenye fremu ili gurudumu litulie. Mimi niliinunua baada ya kuokota mayai.